Daftari la Bi Maharagwe

Akiisimulia habari hii mwenyewe, Bi Maharagwe huanza na droo. Si droo ya kwanza ya meza yake ya kazini, ile yenye vipeperushi vya kuwahimiza watu wapunguze sukari. Wala si ya pili, yenye utepe wa kupimia viuno. Ni ya tatu, ya chini kabisa, isiyofunguka mpaka uipige teke kidogo upande wa kushoto. Humo, chini ya bunda la vipeperushi vya zamani, ndimo zilimokaa biskuti zake za krimu. "Na vipeperushi hivyo vilivyozifunika niliviandika mimi," huongeza, kisha hucheka mpaka miwani imshuke puani.

Jina lake halisi liko kwenye kitambulisho, lakini hakuna anayelitumia. Ni afisa lishe wa kliniki ya kisukari, na kwa miaka kumi na tisa amewahubiria watu maharagwe hadi maharagwe yakageuka jina lake. Wagonjwa humwita daktari usoni, maana kwao kila mwenye koti jeupe ni daktari, na Bi Maharagwe kisogoni. Anajua. Zamani alijifanya hajui, akaona raha.

Darasa lake lilikuwa kila Alhamisi asubuhi, kwenye chumba cha mwisho cha ujia: viti vya plastiki ishirini, mizani ya kupimia uzito, na picha kubwa ya utumbo ukutani iliyochanika kona moja. Kila mgonjwa alikuja na daftari la mlo, ambamo aliandika alichokula wiki nzima, asubuhi, mchana na jioni. Bi Maharagwe aliyakusanya, akachomoa kalamu nyekundu, akasahihisha mbele za watu kama mwalimu wa darasa la tatu. Yaliyomfurahisha aliyasoma kwa sauti, na yaliyomuudhi aliyasoma kwa sauti zaidi.

"Mzee wangu, keki mbili siku ya Jumanne? Kulikuwa na harusi tumboni?"

Huyo alikuwa mzee mmoja dobi, mpole, mwenye makovu ya pasi mikononi. Darasa zima lilicheka. Dobi naye alicheka kidogo, akatazama viatu vyake. Wiki iliyofuata daftari lake lilikuwa safi kama shuka lililotoka mkononi mwake: maharagwe, mboga za majani, tunda moja. Bi Maharagwe alimwekea vema nyekundu kubwa, akawaambia wenzake, "Mnaona? Mtu akielewa, anaelewa." Hata siku moja hakujiuliza inakuwaje watu wote wanaelewa ndani ya siku saba, halafu sukari zao hazishuki. Alidhani ni ukaidi wa sukari.

Basi mwaka huo wafanyakazi wa kliniki wakapimwa afya, kama kawaida. Bi Maharagwe alinyoosha kidole chake bila wasiwasi, huku akimtania muuguzi aliyemchoma. Jibu la sukari likatoka: sita nukta sita, asubuhi, kabla ya kula chochote. Wakachukua damu ya kipimo kile kinachoonyesha wastani wa miezi mitatu, nacho kikasema vilevile. Daktari mkuu alivua miwani.

"Hujafika kwenye kisukari," alisema. "Ila mlango unauona. Hatua hii ni nzuri, mtu anaweza kurudi."

Hatua hii ni nzuri, mtu anaweza kurudi. Maneno hayo yalikuwa yake! Ndiye aliyeyaandika kwenye kipeperushi, ukurasa wa kwanza, na alikuwa ameyasema kwa watu zaidi ya elfu kwa sauti ya upole aliyojizoesha mbele ya kioo. Sasa alipoambiwa yeye, hakuona uzuri wowote. Mganga hajigangi, walinena wahenga, ila hawakutuambia mganga mwenyewe hujisikiaje siku hiyo. Alijisikia mjinga, na zaidi ya ujinga, aliogopa.

Aliogopa kwa sababu ya mama yake. Sukari ilimpofusha mama yake angali mtu mzima wa makamo, na yeye, akiwa mwanafunzi mwenye sare, ndiye aliyemshika mkono kumpeleka uani, akamchambulia mchele, akamwambia mvua imeanza au bado. Kazi hii aliichagua kwa ajili hiyo. Angeulizwa ni nani duniani asiyepaswa kuwa na droo ya tatu, angejitaja yeye wa kwanza. Na bado jioni ile, kabla hajafunga ofisi, aliipiga teke.

Hakumwambia mtu. Mumewe, fundi wa makochi, alishinda kwenye banda nyuma ya nyumba na misumari mdomoni. Mtu mwenye misumari mdomoni haulizi mengi, na Bi Maharagwe alishukuru. Kliniki nzima ilimchukulia kama ushahidi unaotembea. Aliona afadhali aumwe kimyakimya kuliko wagonjwa wajue kwamba mhubiri wao ni mlevi wa biskuti.

Ndipo akaja yule binti mtafiti. Alikuwa amejifunza kazi kwenye meza ya Bi Maharagwe enzi za mafunzo yake, na mpaka leo alimwita Mama. Sasa alikuwa na utafiti wake mwenyewe kuhusu mimea, bakteria wa tumboni na sukari ya damu, na alitafuta watu walio kwenye hatua ya kabla ya kisukari.

"Mama, nisaidie wagonjwa," alisema.

Bi Maharagwe aliinuka akafunga mlango. "Ninaye mmoja," akasema. "Usimtangaze. Ni mimi."

Binti alimshika mikono, akamhakikishia kwamba kwenye karatasi zake hakuna majina, namba tu. Akampa namba arobaini. Mtu mwingine angekumbuka kwamba za mwizi ndizo hizo hizo, akaomba namba nyingine. Bi Maharagwe aliipokea na kushukuru.

Utafiti wenyewe ulikuwa rahisi kuueleza, na hakuna aliyejua kuueleza kuliko yeye. Kwenye maganda ya mimea, kwenye mbegu na kwenye ile rangi ya zambarau au nyekundu ya matunda, mna viambata vingi ambavyo tumbo letu peke yake haliviwezi. Vingi huteremka mpaka utumbo mpana, na huko bakteria huvipokea, wakavivunjavunja na kuvigeuza vitu vingine ambavyo huenda husaidia mwili kuishika sukari. Huenda, ndiyo maana wanatafiti. Nyuzinyuzi nazo ni chakula chao. Bi Maharagwe alipenda kuwaambia wagonjwa kwamba bakteria wa tumboni ni sawa na kuku wa nyumbani: usipowamwagia punje zao, wataanza kudonoa ukuta wa nyumba. Mfano huo uliwachekesha watu kila mwaka.

Kwa wiki kumi na mbili, washiriki themanini na wanne wangekoroga kila asubuhi pakiti ya unga kwenye maji na kunywa. Baadhi ya pakiti zilikuwa na unga wa mimea yenyewe, na nyingine unga mtupu uliotiwa rangi ileile. Nani kapata upi, hakuna aliyejua, hata binti mwenyewe. Mwanzo na mwisho wangetoa damu na kinyesi. Na kila siku wangejaza daftari la mlo.

"Mama, jambo moja tu," binti alimsisitiza. "Ule kama kawaida yako. Usibadilishe kitu. Andika tu ulichokula."

"Mwanangu, unanifundisha mimi daftari?" alijibu Bi Maharagwe.

Jioni ya kwanza alikaa mezani, akafungua daftari jipya. Siku hiyo alikuwa amekula mkate mweupe vipande vinne wenye jamu, chai yenye vijiko vitatu vya sukari, wali wa mchana wa kutosha watu wawili, na biskuti ambazo idadi yake mpaka leo huitaja kwa kunong'ona. Aliandika, "Mkate mweupe vipande," kalamu ikasimama. Alisikia sauti ikisoma maneno yale mbele ya viti ishirini vya plastiki, na sauti ilikuwa yake. Akakata ule mstari. Juu yake akaandika: uji wa nafaka isiyokobolewa, bila sukari. Nusu kikombe cha maharagwe. Mchicha. Kiazi kitamu kimoja, kidogo.

Akausoma mlo ule. Ukampendeza. Alikaribia kujiwekea vema.

Hivyo ndivyo ilivyokwenda wiki kumi na mbili. Unga aliunywa kweli kila asubuhi, hilo hana dhambi nalo; ila daftari alilijaza kama mtu anayefanya mtihani alioutunga mwenyewe. Tena kwa ufundi! Alijua kwamba daftari lisilo na doa hutiliwa shaka, kwa hiyo kila Ijumaa ya pili alijipachika nusu kipande cha keki, na pembeni akaandika, "Nimejitahidi." Mpishi wa hoteli hapiki kwa uangalifu kama Bi Maharagwe alivyopika milo ile ya karatasi, na mikono yake ikiwa na chembe za krimu.

Siku ya mwisho alibeba kikopo cha kinyesi chake kwenye mfuko wa chakula. Mlinzi wa getini akamsalimu kwa bashasha.

"Shikamoo, daktari. Leo umetubebea nini?"

"Marahaba. Maharagwe," alijibu, akapita bila kugeuka.

Wiki tatu baadaye, siku ya Alhamisi baada ya darasa, binti aliingia na bahasha ya karatasi, akarudisha mlango. Alikuwa na uso wa mtu aliyekuja kuomba radhi.

"Mama, daftari lako ni bora kuliko yote themanini na manne. Nimewaonyesha wenzangu wajifunze."

Bi Maharagwe aliinamisha kichwa kama wanavyofanya wanyenyekevu.

"Lakini sampuli yako ina matatizo. Bakteria wanaopenda nyuzinyuzi, ambao mtu anayekula maharagwe kila siku tungetegemea awe nao tele, humu ni wa kutafuta kwa tochi. Mabaki ya mimea nayo karibu hayapo. Siwezi kukwambia mtu huyu alikula nini Jumanne, lakini nikiitazama picha yote, ni mtu wa mkate mweupe na vitu vitamu. Na ile sampuli ya mwanzo ni hivyohivyo."

"Mtu huyu," alisema Bi Maharagwe.

"Huyu mwenye kinyesi hiki. Wewe si yeye, Mama, hilo liko wazi. Sampuli zimechanganywa maabara." Binti alishusha pumzi. "Mkuu wangu amekasirika. Yule kaka wa maabara anayepokea sampuli atapewa barua ya onyo Jumatatu mchana na kuondolewa kwenye utafiti. Nimemwomba mkuu asubiri kitu kimoja: utuletee sampuli nyingine Jumatatu asubuhi. Ikija tofauti na hizi, basi tumemkamata."

Akaondoka. Bi Maharagwe alibaki amekodolea macho ile picha ya utumbo. Kwa maisha yake yote alikuwa amewaambia watu kwamba bakteria ni viumbe hai, wanaona tunachokula. Hakuwahi kufikiria kwamba wanaweza kuitwa kutoa ushahidi.

Sasa msikilize mtaalamu wa miaka kumi na tisa alivyofikiri. Hakumfikiria kaka wa maabara hata kidogo. Ni aibu, na mwenyewe husema ni aibu. Alifikiria jina lake. Alipiga hesabu: Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Siku tatu. Alikuwa amewaambia wagonjwa mara mia kwamba nyuzinyuzi huongezwa polepole, wiki kwa wiki, maana tumbo lisilozoea litagoma. Akapita sokoni akarudi na maharagwe, dengu, mboga za majani mafungu matano na matunda ya kila rangi.

Ijumaa alikula maharagwe asubuhi, mchana na jioni. Jumamosi alikula dengu na maharagwe, na kabichi mbichi bakuli zima. Kufikia Jumapili asubuhi tumbo lilikuwa limevimba, linanguruma kama pikipiki inayokataa kuwaka, na yale mengine tuyaache, ila itoshe kusema paka alihama chumba. Bakteria wale wachache, waliozoea krimu, walipokea mzigo ambao hawakuuagiza. Alijikunja kwenye kochi kuukuu barazani, mikono tumboni, akawa anatafuna karoti kwa machozi.

Mumewe alitoka bandani, akasimama mlangoni. Alitema misumari kiganjani, mmoja mmoja.

"Mke wangu, kuna nini? Tangu juzi nyumba inatetemeka."

Akataka kusema ni malaria. Karoti ikamkwama. Badala yake yote yakatoka: sita nukta sita, namba arobaini, mchicha wa karatasi, kinyesi, siku tatu. Alisema bila kupumzika, na tumbo likaitikia kila baada ya sentensi. Mumewe alisikiliza mpaka mwisho.

"Za biskuti nazijua," alisema. "Nilipokushonea mkanda wa mkoba nilikung'uta chembe za kujaza kikombe."

"Na hukuniambia!"

"Ningekwambia nini? Wewe ndiye mwenye vipeperushi." Alikaa kwenye mkono wa kochi. Alifikiri, akauliza, "Sasa huyo kijana wa maabara amekosa nini?"

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama fundi anayetaka kujua mguu gani wa kiti ndio mfupi. Bi Maharagwe akafungua mdomo kujibu, na hapo ndipo jambo lenyewe lilipomfikia, siku tatu nzima baada ya kuambiwa. Kama maharagwe haya yangefanya kazi, kama Jumatatu angepeleka kinyesi kizuri cha mtu mwema, basi mtu asiye na hatia angehukumiwa kwa kinyesi hicho. Alikuwa amekaa barazani akipika ushahidi wa uongo ndani ya tumbo lake mwenyewe. Alilia, sasa si kwa ajili ya karoti.

Jumatatu alifika kazini mikono mitupu. Alikwenda maabara kwanza. Yule kaka wa maabara, mtu mwembamba anayeandika kila lebo mara mbili kwa hofu ya kukosea, alikuwa amepanga vitabu vyake vyote mezani na macho mekundu. Alipomwona akasimama.

"Daktari, karatasi zangu nimezipitia mara nne. Sijaona nilipokosea. Lakini kama nimekosea, na nimekosea kwako wewe uliyetufundisha wote, naomba unisamehe sana."

Bi Maharagwe alitamani ardhi ipasuke immeze. Ardhi haikupasuka. Ilibidi aseme.

"Hukukosea, kaka. Kile kinyesi ni changu."

"Kipi?"

"Vyote viwili. Daftari ndilo lisilo langu."

Kaka akakaa, akafunika uso kwa viganja, na mabega yakawa yanatikisika. Bi Maharagwe hakujua kama analia au anacheka, na hakuwa na haki ya kuuliza.

Kwa binti ilikuwa vigumu zaidi. Binti hakupaza sauti. Angepaza ingekuwa nafuu. Alivuta lile daftari bora kuliko yote, akalifungua, akalifunga.

"Mama, tulikwambia ule kama kawaida yako."

"Mliniambia."

"Hakuna aliyekuomba ule vizuri. Ungeandika biskuti kumi kila siku, ningekushukuru. Tulikuomba ukweli tu, tena ukweli usio na jina lako."

"Najua, mwanangu."

"Basi kwa nini?"

"Niliogopa kusahihishwa," alisema Bi Maharagwe. Mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mwenye kalamu nyekundu mfukoni.

Binti akamwondoa kwenye utafiti, akaenda kwa mkuu wake kuizuia barua. Kabla ya kutoka akamsogezea karatasi ya damu ya mwisho. Sita nukta tisa. Wiki kumi na mbili za mlo bora kuliko yote, na mlango uliokuwa unaonekana kwa mbali sasa alikuwa ameshika kitasa chake. Unga wake ulikuwa wa mimea au wa rangi tupu, hakuna atakayejua, na hata ungekuwa dawa ya malaika, nani angeweza kusema umefanya nini kwenye mwili usiojulikana umekula nini? Aliwaza giza la mama yake. Aliwaza mkono wa nani utakaomshika yeye.

Mambo yangeweza kuishia hapo. Barua haikuandikwa, kaka wa maabara alirudi kwenye lebo zake, na siri ilikuwa kwa watu watano ambao hakuna hata mmoja aliyependa kuisimulia. Bi Maharagwe aliingia darasani Alhamisi akiwa amekusudia kufundisha kama siku zote, na kufa na siri yake.

Akachukua madaftari. La juu lilikuwa la dobi. Akafungua, kalamu mkononi. Jumanne: uji wa nafaka isiyokobolewa, bila sukari. Nusu kikombe cha maharagwe. Mchicha. Kiazi kitamu kimoja, kidogo.

Kimoja, kidogo. Alisoma tena. Lilikuwa daftari lake mwenyewe, kwa mwandiko wa mtu mwingine. Akafungua la pili, la mama mmoja mshonaji: nusu kikombe cha maharagwe, mchicha. La tatu. La nne. Watu walikuwa wameketi mikono mapajani, wakimsubiri asome. Aliutambua mlo ule sasa. Ulikuwa kwenye kipeperushi chake, ukurasa wa tatu, chini ya picha. Watu wote walikuwa wakinakili ukurasa wa tatu, na ilipofika zamu yake, naye alinakili ukurasa wa tatu. Miaka kumi na tisa aliwasomesha, na somo lililoingia sawasawa lilikuwa moja tu: namna ya kumwogopa.

Akaiweka kalamu mezani.

"Nina jambo," alisema, na akawaambia. Aliwaambia namba zake zote mbili. Aliwaambia droo ya tatu na namna ya kuipiga teke. Hata alipofika kwenye kikopo na mlinzi, hakuna aliyecheka. Alimaliza. Feni ya dari ilizunguka. Alisubiri wainuke mmoja mmoja waende zao, au wamcheke kama alivyowacheka wao. Vyote viwili alivistahili, na alikuwa amejiandaa kwa vyote viwili.

Dobi aliinuka. Alikuja mpaka mezani polepole, akanyoosha mkono wenye makovu.

"Daktari, naomba daftari langu."

Alimpa. Mzee alirudi kwenye kiti, akatoa kalamu mfukoni, akalaza daftari gotini. Akakata Jumanne kwa mstari mmoja ulionyooka. Akakata Jumatano.

Mshonaji akaja kuchukua la kwake. Kisha yule aliyekaa nyuma yake, kisha mstari mzima wa dirishani. Chumba kikajaa sauti ya kalamu. Mtu mmoja wa nyuma akainua kidole kama mwanafunzi.

"Daktari, samahani. Nirekebishe ya wiki hii tu, au na ya mwaka jana?"

Hapo ndipo walipocheka, darasa zima, na Bi Maharagwe alicheka nao huku machozi yakimshuka, kwa sababu alikuwa anaona kila ripoti aliyowahi kuipeleka kwa wakubwa ikikatwa mstari kwa mstari mbele ya macho yake. Hakubaki na kitu. Kazi yake yote ilikuwa imeandikwa na watu waliokuwa wakijificha.

Dobi alimaliza kuandika. Hakulileta daftari asahihishiwe. Aliligeuza tu ili alione kutoka alipokaa. Lilikuwa na keki, soda, mkate mweupe, keki.

"Sasa daktari," alisema taratibu, "mtu anayekula hivi tunavyokula sisi, mimi na wewe, aanze na nini?"

Hakuwahi kuulizwa swali hilo. Kwenye vipeperushi vyote halimo. Alivuta kiti cha plastiki, akaketi katikati yao.

"Sijui vizuri," alisema. "Mimi tangu juzi nimeanza na chai. Nilikuwa naweka vijiko vitatu vya sukari. Sasa naweka viwili na nusu."

"Na hiyo nusu?" aliuliza dobi.

"Inaniuma, mzee wangu. Hiyo nusu inaniuma sana."

Dobi aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyesikia habari za nyumbani kwake, akaiandika hiyo nusu kwenye daftari lake.